“Zimebaki siku nne”: daftari la hedhi na mume anayelisoma

“Shikamoo daktari. Nina miaka 31, nimeolewa miaka saba iliyopita na tuna watoto wawili. Mwaka jana niliacha sindano ya miezi mitatu, na hedhi ilipoanza kurudi nikawa naandika tarehe kwenye programu ya simu: 3 Machi, 1 Aprili, 27 Aprili, 30 Mei na 27 Juni. Naandika pia ninavyojisikia, kwa sababu kila mwezi, kama wiki moja kabla ya damu, nakuwa mtu mwingine. Nalia kwa jambo dogo, hasira inapanda ghafla, matiti yanauma, usingizi unakatika saa nane usiku. Halafu siku ya pili ya damu yote yanakwisha kama hayakuwapo. Mume wangu mwanzoni alicheka, akasema mama yake alizaa watoto sita bila programu. Baadaye akaanza kuisoma simu yangu. Sasa nikimweleza jambo lolote anafungua kalenda. Mwezi Juni nilimuuliza kwa nini alimpa ndugu yake fedha za ada ya watoto wetu bila kunishirikisha. Akatazama simu akasema, ‘Si ajabu, zimebaki siku nne.’ Tena ananituhumu kwamba nahesabu ili nimkwepe siku za hatari, maana yeye anataka mtoto wa tatu na mimi nimemwambia bado. Je, mzunguko wangu ni mbovu, kwa kuwa programu inakosea kila mara? Hasira hii ni ugonjwa? Na je, niache kuandika ili nyumba itulie?”

Marahaba, dada yangu. Kama nimekuelewa vizuri, kinachokusumbua kinapita tarehe. Ulianza kuandika ili uujue mwili wako, na sasa maandishi hayo hayo yanasomwa kama ushahidi dhidi yako, nawe umeanza kujiuliza kama huenda mumeo ana haki, kwamba wiki moja ya kila mwezi maneno yako hayana uzito. Hilo nitalijibu kwa urefu, lakini kwanza tuziweke sawa tarehe, kwa kuwa hapo ndipo programu ilipokutisha bure.

Mzunguko huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku inayotangulia damu nyingine. Wengi huhesabu tangu damu inapokatika, na wengine hushtuka wanapopata hedhi tarehe 2 na tena tarehe 29 ya mwezi huo huo, wakidhani wameingia mwezini mara mbili, ilhali huo ni mzunguko wa siku 27 usio na kasoro yoyote. Kwa tarehe ulizonipa, mizunguko yako minne ilikuwa ya siku 29, 26, 33 na 28. Mwanamke mtu mzima mwenye mzunguko wa kati ya siku 21 na 35 huhesabiwa kuwa yuko katika hali ya kawaida, na kupishana kwa siku chache kutoka mwezi hadi mwezi ni jambo la kutarajiwa. Hizo siku 28 zinazotajwa kila mahali ni wastani uliogeuzwa kuwa sheria. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi wa mizunguko zaidi ya laki sita iliyorekodiwa na wanawake kwenye programu moja ya simu, na ni asilimia 13 tu ya mizunguko hiyo iliyofikia siku 28 kamili. Zaidi ya hayo, wewe umetoka kwenye sindano, ambayo humzuia mwanamke asipevushe yai na ambayo athari yake haiishi siku miezi mitatu inapotimia. Wengine husubiri miezi mingi, hata mwaka, kabla mzunguko haujatulia. Wa kwako umeshatulia kuliko wengi ninaowaona.

Kwa nini basi programu inakosea? Ni kwa sababu mzunguko una nusu mbili zisizofanana tabia. Katika nusu ya kwanza, ovari hulea kifuko chenye yai, na kifuko hicho hutoa estrojeni inayoujenga upya utando wa ndani wa mji wa mimba. Kinapokomaa, ubongo hutuma wimbi la homoni linalokipasua, yai likatoka. Muda wa nusu hii hurefuka na kufupika: homa, msiba, safari, kukosa usingizi au kupungua uzito vyaweza kulichelewesha yai. Nusu ya pili huanza yai likishatoka. Kifuko kilichobaki tupu hugeuka kuwa tezi ndogo ya rangi ya manjano inayotoa projesteroni, na uhai wa tezi hiyo una mpaka, kwa kawaida siku 10 hadi 16. Mimba isipotungwa, tezi hunyauka, homoni hushuka, na utando uliojengwa hubomoka ukatoka kama damu. Kwa hiyo mwezi Mei, ulipokaa siku 33, kuna uwezekano mkubwa kwamba kilichochelewa ni yai, nayo hedhi ikalifuata kwa wakati wake. Programu hailioni yai. Inachoona ni tarehe zilizopita, na kutokana nazo inabahatisha ijayo, kisha inakuonyesha ubahatishaji huo kwa rangi nzuri na kwa uhakika ambao mimi daktari sina.

Hapo ndipo ninapotaka kulimaliza upesi suala la siku za hatari, kwa kuwa linahusu tuhuma ya mumeo. Hesabu hii ilitokana na kazi za madaktari wawili, Kyusaku Ogino wa Japani mwaka 1924 na Hermann Knaus wa Austria miaka michache baadaye. Unachukua mzunguko wako mfupi kuliko yote na kutoa 18, kisha mrefu kuliko yote na kutoa 11. Kwako itakuwa siku ya 8 hadi siku ya 22, yaani karibu nusu nzima ya mzunguko, na hata hapo hesabu hiyo hutaka kumbukumbu ya miezi sita au zaidi, ambayo bado huna. Mbegu za mwanamume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano, na yai huishi takribani siku moja. Ipo pia njia ya shanga za mzunguko, inayozihesabu siku ya 8 hadi ya 19 kuwa za kushika mimba, lakini imetengenezwa kwa wanawake ambao mizunguko yao haitoki nje ya siku 26 na 32, na kati ya wanawake 100 wanaoitumia kama watu wanavyoitumia nyumbani, takribani 12 hushika mimba ndani ya mwaka. Mmoja wa mizunguko yako minne umeshavuka mpaka huo. Kama hutaki mimba sasa, usimwamini mjumbe wa simu anayekuandikia kwamba leo ni salama. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango ukachague njia iliyo imara.

Mweleze mumeo hivyo hivyo. Daftari lako halifai kumkwepea mtu, na kwa kweli huna haja ya kumkwepa kwa siri, kwa sababu umekwisha kumwambia wazi kwamba mtoto wa tatu bado. Hamu yake ya mtoto ni halali na inastahili mazungumzo, ila jibu lake halimo ndani ya kalenda. Tena tarehe hizo hizo ndizo ninazowaomba wanandoa wanaotafuta mimba.

Na hoja ya mama yake kuzaa watoto sita bila programu ni ya kweli, ila hakuwazaa bila hesabu. Wanawake wa pwani wamekuwa wakihesabu tangu zamani: siku za Ramadhani alizofungulia mwanamke kwa sababu ya hedhi ni deni analolikumbuka kwa idadi ili alilipe, na eda ya mwanamke aliyeachwa akiwa bado anapata hedhi huhesabiwa kwa hedhi zake. Mumeo mwenyewe ameshaitumia hesabu hii. Siku uliyoenda kliniki na mimba ya kwanza, swali la mapema kabisa lilikuwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na kutoka hapo nesi akahesabu siku 280 akawapa tarehe ya kujifungua. Ninapouliza swali hilo chumbani kwangu, wanawake wengi hutazama dari. Wewe ungenijibu bila kufikiri.

Sasa nije kwenye hasira.

Wanawake wengi huhisi mabadiliko fulani katika siku zinazotangulia hedhi, na wengi wao huishi nayo bila shida kubwa. Ulichonieleza kina sura inayotambulika kitabibu: dalili huja katika nusu ya pili ya mzunguko, huondoka mara damu inapoanza au siku chache baadaye, na katikati yake kuna kipindi ambacho mtu yuko salama kabisa. Kosa ninalolisikia kila siku, hata kutoka kwa wahudumu wa afya, ni kwamba mwanamke wa namna hii “homoni zake zimevurugika”. Hazijavurugika. Wenye dalili kali na wasio na dalili wakipimwa, viwango vyao vya estrojeni na projesteroni havitofautiani. Kinachotofautiana ni namna ubongo unavyopokea kupanda na kushuka kwa homoni zilizo sawa. Projesteroni ikivunjwa mwilini hutoa kemikali iitwayo alopregnanoloni, ambayo hugusa milango ile ile ya ubongo inayoguswa na dawa za kutuliza kama diazepamu. Kwa wengi huleta utulivu. Kwa wachache, kubadilika kwake huleta kinyume: wasiwasi, machozi, hasira ya ghafla, usingizi mwepesi. Ndiyo maana nakusihi usitumie fedha zako kwa vile vipimo vya homoni vinavyouzwa kwa pamoja. Majibu yatarudi safi, na mtu atakuambia kwamba basi huna kitu.

Hapa pia ndipo penye maelezo ya jambo ambalo hukuliuliza lakini nadhani limekusumbua, yaani kwa nini hali hii imekuja sasa. Sindano ilikuwa ikilizuia yai, na pasipo yai hakuna ile tezi ya manjano wala nusu ya pili ya mzunguko. Jaribu kukumbuka ulivyokuwa kabla ya sindano na kabla ya mimba ya kwanza. Wengi wakifikiri vizuri hugundua kwamba jambo lilikuwapo, likalala, na sasa limeamka pamoja na mayai.

Je, ni ugonjwa? Ipo hali kali ya kihisia inayotangulia hedhi ambayo mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliiorodhesha rasmi mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka katika orodha yake ya magonjwa. Huwapata wanawake wachache, chini ya mmoja kati ya kumi. Ili tuitaje, huhitajika dalili tano au zaidi, angalau moja ikiwa ya hisia, na ziwe zinaharibu kazi, malezi au ndoa. Nazo lazima ziwe zimeandikwa siku kwa siku kwa mizunguko isiyopungua miwili. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ultrasaundi inayoweza kuionyesha. Kipimo ni daftari. Ukiacha kuandika ili nyumba itulie, utakuwa umekitupa chombo pekee kinachoweza kutuambia kama unahitaji matibabu, na sidhani kama nyumba itatulia kwa hilo.

Nirudi kwa mumeo, kwa kuwa nadhani hapa ndipo palipo na jeraha. Yeye alisoma tarehe sawa na akaisoma vibaya maana yake. Siku zile za ukali hazitungi mambo. Zinachofanya ni kupunguza uvumilivu wa mtu kwa mambo yaliyokwisha kuwapo. Jambo ulilolimeza siku ya kumi ya mzunguko, siku ya ishirini na tano hulimezi tena. Sauti inaweza kuwa ya juu kuliko jambo lilivyostahili, na machozi yanaweza kuja mapema kuliko ulivyotaka, lakini homoni si zilizotoa fedha za ada zikampa ndugu yake. Tena tazama tarehe uliyoniandikia: 8 Julai, siku ya kumi na mbili ya mzunguko wako, siku ambayo kwa maelezo yako mwenyewe uko mzima kabisa. Na suala la ada bado limo ndani ya barua.

Hicho ndicho kipimo ninachowafundisha wanandoa wanaokuja kwangu wakivutana juu ya jambo hili. Wiki ile inapofika, kila kinachokuchoma kiandike kwa sentensi moja, bila kukijadili papo hapo kama kinaweza kusubiri. Kisha siku ya nane ya mzunguko unaofuata, damu imekwisha na kichwa kimetulia, soma tena orodha. Baadhi utayafuta mwenyewe ukicheka, na kama ulikuwa umemsemea mtu kwa ukali kwa ajili ya sufuria isiyooshwa, ni vizuri kumwomba radhi, kwa kuwa ukali wenye sababu ya kimwili bado humuumiza aliyeupokea. Yatakayobaki kwenye orodha ni ya kweli, na yazungumzwe siku hiyo, ambapo hakuna atakayeweza kukuambia kwamba zimebaki siku nne. Nimeona orodha ya mistari kumi na mmoja ikabaki na miwili, na miwili hiyo ilikuwa mizito.

Kuna mume mmoja aliyekuja na mkewe akiwa na kijitabu chake mwenyewe. Alikuwa ameandika, kwa uaminifu mkubwa, kila siku ambayo mkewe “alinuna”. Tulikiweka mezani pamoja na daftari la hedhi la mkewe. Siku chache ziliangukia wiki ya mwisho ya mzunguko. Nyingi ziliangukia mwisho wa mwezi wa mishahara, na mishahara ya nyumba ile ilikuwa ikikawia. Simlaumu kwa kuandika, maana alikuwa akitafuta kuelewa, na mwanamume anayejisumbua kutazama ana nafasi ya kujifunza kuliko yule asiyetaka hata kulisikia neno hedhi. Nadhani mumeo anaweza kuwa wa aina hiyo. Alicheka, kisha akasoma, na kusoma huko, hata kama sasa anayatumia vibaya anayoyasoma, kunaonyesha kwamba jambo limemgusa.

Mweleze siku ambayo nyote wawili mmetulia, watoto wamelala, na usianze na kosa lake. Ningesema hivi: “Kila mwezi kuna siku kama saba ninazokosa usingizi na subira inapungua. Naandika ili daktari ajue kama ni jambo la kutibiwa. Ukilifungua daftari tukiwa tunabishana, naona unaninyamazisha. Ukiniuliza siku nyingine kabisa, nitakueleza yote.” Kubalianeni kwamba kalenda haifunguliwi na yeyote kati yenu wakati wa ubishi, wewe pia, kwa sababu nimewasikia wanawake wakisema “niache, si unajua siku zangu” ili kufunga mjadala ambao wangepaswa kuukabili. Akikataa kabisa, mwombe aje nawe siku utakapomwona daktari. Wanaume wengi hukubali kwa nesi au daktari kile ambacho hawakukikubali sebuleni.

Maandishi hayo ni yako, na kumshirikisha mtu ni hiari. Kama ungependa asome muhtasari lakini asisome kila sentensi, hamia kwenye daftari la karatasi, ambalo halina rangi za kutisha na halibashiri chochote. Lina faida nyingine: programu nyingi hukusanya taarifa za watumiaji, na mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni moja ya programu ya hedhi iliyodaiwa kuwapa wengine taarifa za afya za wateja wake baada ya kuahidi kuzitunza. Ukibaki na simu, weka namba ya siri na ufunge ruhusa usizozihitaji.

Andika kila jioni, si asubuhi ya pili kwa kumbukumbu, na usiandike mambo ishirini. Tarehe na siku ya mzunguko. Damu ipo au haipo, nyepesi au nzito. Kisha dalili zinazokusumbua zaidi, tano au sita, kila moja ukiipa alama kutoka 0 hadi 3. Pembeni acha nafasi ya mambo ya nje: mtoto ameumwa, ada imedaiwa, umeme umekatika usiku kucha, mmegombana. Usiiruke nafasi hii. Bila hiyo, mwezi wa Januari na karo zake unaweza kuonekana kama ugonjwa wa homoni. Na andika pia siku njema, kwa sababu siku njema ndizo zinazonisaidia kutofautisha: mtu mwenye huzuni ya mwezi mzima inayozidi tu kabla ya hedhi anaweza kuwa na sonona, upungufu wa damu au tatizo la tezi ya shingo, na matibabu yake ni tofauti.

Kuhusu matibabu, nitakuwa mkweli kwamba mambo mengi yanayopendekezwa yana ushahidi mwembamba. Mazoezi ya mwendo kwa mwezi mzima, si wiki ile moja tu, huwasaidia baadhi. Madini ya kalisi yameonyesha kupunguza dalili kwa kiasi, kwa kipimo cha takribani miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, na sehemu yake hupatikana kwenye maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Usingizi unastahili kulindwa, hasa katika siku hizo, na hapo mume anayelala usingizi mzito ana kazi ya kufanya. Dawa za miti shamba za “chango” zisizojulikana zimechanganywa nini sikushauri, kwa sababu zingine huvuruga kutoka kwa damu na kutuharibia hata kumbukumbu.

Kama daftari la miezi miwili litaonyesha hali kali, njia mbili zina nguvu. Ya kwanza ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, hasa vile vyenye drospirenoni, ambavyo huzuia yai. Vinaweza kukufaa kwa kuwa unahitaji pia kuahirisha mimba, lakini havifai kwa mwenye shinikizo la juu la damu, historia ya damu kuganda, au kipandauso kinachoanza na mwanga machoni, na wengine hisia zao huzidi kuharibika. Ya pili ni dawa za kundi la fluoksetini, zinazotumika pia kutibu sonona. Najua zinavyosemwa mitaani, kwamba ni za wagonjwa wa akili. Katika hali hii hufanya kazi upesi, mara nyingi ndani ya siku chache, na baadhi ya wanawake huzitumia katika nusu ya pili ya mzunguko peke yake. Zinaweza kuleta kichefuchefu mwanzoni na kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Zisinunuliwe dukani bila daktari, na mwambie daktari kama una mpango wa mimba hivi karibuni.

Usisubiri miezi miwili endapo utapata mawazo ya kujidhuru au ya kutotaka kuishi, hata kama yanakuja kwa siku mbili tu kisha yanaondoka. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na mtu unayemwamini. Nenda pia mapema kama damu inavuka siku nane, ikijaza pedi kila saa kwa saa kadhaa, ikitoka katikati ya mzunguko au baada ya tendo la ndoa. Kama maumivu yanakulaza kitandani licha ya dawa. Kama mizunguko itaanza kurudiwa chini ya siku 21 au juu ya 35. Au kama hedhi itakosekana, ambapo jambo la kwanza ni kupima mimba, kwa sababu unaijua hali yako. Hospitali ya wilaya inaweza kuanza na wingi wa damu, kipimo cha tezi ya shingo na uchunguzi wa kawaida, na ikibidi wakakuandikia rufaa ya mkoa. Na kama ugomvi juu ya daftari utafika kwenye kipigo, vitisho au kulazimishwa tendo au mimba, hapo hatuzungumzii tena hedhi: mwambie mhudumu wa afya mkiwa wawili peke yenu, au fika kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi.

Kwa mizunguko yako minne, hedhi ijayo inaweza kuanza siku yoyote kati ya 23 na 30 Julai, na wiki ya usingizi mwepesi itaitangulia. Kwa kuwa mumeo tayari anazifuata tarehe hizo kwa makini, mpe kazi nazo: kuanzia katikati ya mwezi huu, mtoto akilia saa nane usiku, aamke yeye.